Kusherehekea Mapenzi bila Kuharibu Mazingira: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Kila mwaka, wiki mbili za kwanza za Februari hubadilisha sura ya maduka yetu. Rangi nyekundu hutawala madirishani, bei ya waridi hupanda, na bidhaa ambazo miezi mingine hazina mnunuzi hupangwa mbele kabisa. Ikishapita tarehe 14, sehemu kubwa ya bidhaa hizo huwa imekwisha kufika jalalani. Hali hiyohiyo hujirudia, tena kwa ukubwa zaidi, katika misimu ya harusi. Katika sura hii ya kijitabu tunamtazama mlaji akiwa mahali ambapo kwa kawaida hapendi kutazamwa, yaani anapomnunulia mpenzi, mchumba au mwenzi wake wa ndoa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Mamlaka ijitie katika jambo la faragha kama hili. Mtu anayenunua kwa ajili ya mapenzi huuliza maswali machache kuliko mtu anayenunua mabati. Huona haya kujadili bei, huona haya kudai risiti mbele ya mchumba, na akiambiwa kwamba kitu fulani ni "rafiki wa mazingira" huamini upesi, kwa kuwa anataka kuamini. Muuzaji asiye mwaminifu anaujua udhaifu huo vizuri sana. Tena, uchafu unaotokana na sherehe hauendi mbali: mtaro ulioziba kwa nailoni za mapambo hufurika mbele ya nyumba za walaji walewale waliozilipia. Hatukusudii kumzuia mtu asipende kwa mbwembwe. Tunakusudia ajue alichokinunua kimetoka wapi, kitaishia wapi, na kama bei aliyotozwa inalingana na maelezo aliyopewa.

Ua limetoka wapi?

Tuanze na waridi. Wengi wamesikia kwamba maua ya kukata ni anasa inayochafua hewa kwa sababu husafirishwa kwa ndege. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni ukweli unaomhusu mnunuzi wa Ulaya, na hata kwake haujakamilika. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza kililinganisha waridi lililolimwa Kenya na kusafirishwa kwa ndege na waridi lililolimwa Uholanzi ndani ya kitalu nyumba, yote mawili yakipelekwa katika soko la Uingereza. Waridi la Uholanzi lilionekana kuzalisha hewa ya ukaa zaidi ya mara tano ya lile la Kenya. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Februari ni kipindi cha baridi kali barani Ulaya, na kitalu hupashwa joto kwa gesi na kumulikwa kwa taa, ilhali kandokando ya Ziwa Naivasha au chini ya Mlima Meru jua huifanya kazi hiyo bure.

Kwa mnunuzi wa Arusha, Dar es Salaam au Nairobi suala la ndege karibu halipo. Kwake yeye swali kubwa ni maji na dawa. Utafiti uliofanywa katika bonde la Naivasha umekadiria kwamba waridi moja hutumia kati ya lita 7 na 13 za maji hadi linapokatwa. Ziwa hilo liliingizwa mwaka 1995 katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na maji yake hutegemewa na wavuvi, wafugaji na wakazi wa mji, si wakulima wa maua peke yao. Shada la waridi 50, kwa hesabu hiyo, limebeba maji ya kutosha kujaza pipa kubwa, na huenda mawili au matatu.

Haifuati kwamba waridi ni haramu. Mashamba ya maua huajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na yapo yanayochuja maji yao na kuyatumia tena. Tunachomshauri mlaji ni kuuliza jina la shamba au angalau mkoa yalikotoka maua, na kununua kwa idadi ndogo maua yaliyo mazima na yatakayodumu. Shina likikatwa upya kwa mshazari, majani yatakayozama majini yakaondolewa, na maji yakabadilishwa kila baada ya siku mbili, waridi bichi huweza kukaa wiki nzima au zaidi. Maua kumi yanayokaa siku nane ni zawadi bora kuliko hamsini yanayonyauka kesho yake, na muuzaji anayesita kukuonyesha ncha za mashina anayo sababu ya kusita.

Watu wa pwani walikwisha kulijibu swali hili zamani. Asumini huchumwa jioni yangali matumba, yakatungwa kwa uzi wa pamba, nayo hufunguka usiku na kunukiza chumba kizima. Kikuba hufungwa kwa asumini, rehani, mkadi na mlangilangi, kikabandikwa kifuani au kuchomekwa nyweleni. Hakuna jokofu, hakuna nailoni wala utepe wa plastiki, na asubuhi mabaki yake hurudi shambani kuwa mbolea. Inashangaza kwamba katika miji yenye miasumini uani watu hulipa fedha nyingi kwa waridi lisilo na harufu, kwa maana waridi mengi ya biashara yamechaguliwa kwa uimara wa shina na urefu wa maisha, na harufu ikaachwa njiani. Anayetaka kununua vikuba kwa ajili ya shughuli aagize mapema kwa mtungaji, na asisitize vifungwe katika jani la mgomba.

Kuhusu maua ya plastiki na ya kitambaa cha poliesta, wauzaji hudai kwamba ndiyo yanayolinda mazingira kwa kuwa hayakatwi wala hayanyeshewi. Dai hilo husimama kwa mpambaji anayeyakodisha kwa harusi baada ya harusi kwa miaka mingi. Kwa shada la plastiki linalonunuliwa Februari 13 na kutupwa Machi, ni maneno matupu.

Kinachofunika zawadi

Tumepima kwa macho, bila mizani, mashada kadhaa yanayouzwa mijini, na mara nyingi kifuniko ni kikubwa kuliko kilichofunikwa. Karatasi ile inayong'aa na kupiga kelele ikiguswa huitwa na wauzaji wengi selofani. Selofani halisi hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za miti na huoza. Inayouzwa madukani siku hizi, kwa sehemu kubwa, ni plastiki. Njia ya kuipambanua ni hii: ikunje na kuiminya mkononi kisha uiachie. Selofani hubaki na makunyanzi; plastiki hujikunjua na kurudi kama ilivyokuwa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Hivyo muuzaji anayekutilia zawadi katika mfuko wa plastiki "kwa siku ya leo tu" anakushirikisha katika kosa. Ile mifuko laini mfano wa kitambaa, inayouzwa badala yake, nayo hutokana na plastiki. Faida yake hupatikana pale inapotumika mara nyingi, na mfuko mwepesi unaochanika siku ya kwanza hauna faida hiyo.

Tunaona njia iliyo bora zaidi na ambayo haihitaji kutangazwa na kampuni yoyote: zawadi ifungwe ndani ya kanga au kitenge. Hapo kifuniko chenyewe ni zawadi, na jina la kanga husema lile ambalo kadi ya duka ingelisema kwa lugha ya kukopa. Tahadhari moja tu. Kanga na vitenge vya poliesta vimezagaa sokoni na huuzwa kwa bei ya pamba. Omba ruhusa ya muuzaji uchomoe uzi mmoja wa pindo, uuchome mbali na kitambaa. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha punje nyeusi ngumu. Ukiambiwa "pamba asilimia mia" na uzi ukaacha punje, umeelezwa uongo, na unayo haki ya kukataa kununua au kurudishiwa fedha yako.

Maputo yanastahili aya yao. Wapambaji hueleza kwamba puto la mpira asilia huoza, nasi hatukatai kwamba hatimaye huoza. Lakini huchukua muda mrefu, na puto lililoachiwa angani hupasuka na kuangukia popote, baharini likiwamo. Kipande kinachoelea majini hufanana na chakula cha kasa, na kasa akikimeza huweza kuziba matumbo na kufa. Yale yanayong'aa kama fedha ni plastiki iliyopakwa madini, hayaozi kabisa, na yakigusa nyaya za umeme huweza kusababisha hitilafu. Taa za karatasi zinazorushwa usiku zikiwa na moto ndani tunazikataa moja kwa moja, kwa kuwa mahali penye paa za makuti, taa moja hutosha kuteketeza kijiji. Chembe za kumetameta zinazomwagwa juu ya kadi na nywele za maharusi ni plastiki iliyokatwa ndogondogo; Umoja wa Ulaya ulianza kuzizuia Oktoba 2023. Petali za waridi lililokwisha kunyauka hufanya kazi ileile, na huokotwa na kuku.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tofali laini la kijani ambamo wapambaji huchomeka mashina ya maua ni plastiki pia, iliyotengenezwa kwa kemikali ziitwazo fenoli na formaldehidi. Halioshwi likatumika tena. Husagika likawa vumbi lisilooza, na vumbi hilo likimwagwa pamoja na maji ya chombo huingia mtaroni. Wapambaji wa makanisani wanalo jibu la miaka mingi: kipande cha mgomba. Hushika shina, huhifadhi unyevu kwa siku kadhaa, na kazi ikiisha hupelekwa shambani au kwa ng'ombe. Bakuli lenye mchanga na mawe nalo linafaa.

Maneno "rafiki wa mazingira"

Sasa tufike penye kazi yetu hasa. Bidhaa za mapenzi zimeanza kuuzwa kwa maneno ya kijani: mshumaa "asilia", sahani za harusi "zinazooza", sanduku la zawadi "lisilo na madhara". Maneno hayo huongeza bei. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na sifa ya kimazingira ni sifa kama nyingine. Anayedai awe tayari kuthibitisha.

Mwombe muuzaji akuonyeshe ni sehemu gani ya bidhaa inayohusika na dai lake. Mshumaa uliomo katika kopo la karatasi lililorejelezwa bado unatokana na mafuta ghafi ya petroli ikiwa nta yake ni parafini. Nta ya nyuki, ambayo Tabora na Katavi zinayo kwa wingi, ni kitu kingine kabisa, na hutambulika kwa harufu ya asali na rangi ya manjano. Kisha muulize nani aliyelithibitisha dai. Picha ya jani la kijani haitolewi na chombo chochote. Mtu yeyote mwenye kompyuta huweza kuichora. Nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, kwa upande wake, hutolewa kwa masharti, lakini nayo huhusu kiwango cha bidhaa ile, wala haithibitishi kila neno lililoandikwa kwenye kasha.

Swali linalosahaulika ni hili: ili bidhaa hii ioze, mimi nifanye nini? Sahani na vikombe vinavyotengenezwa kwa plastiki ya mahindi huoza, ndiyo, katika mitambo maalumu ya mboji yenye joto la nyuzi 55 hadi 60. Ukivizika uani havipati joto hilo, na jalalani vitakaa kama plastiki nyingine. Kamati ya harusi inayolipa bei ya ziada kwa sahani za namna hiyo, kisha ikazipeleka dampo pamoja na taka nyingine zote, imelipia neno. Ni afadhali kukodi sahani za udongo na kuziosha.

Pete

Hapa ndipo mlaji hutoa fedha nyingi zaidi kwa kitu kidogo zaidi, na ndipo madhara yalipo makubwa ingawa hayaonekani dukani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwamo wa Geita, Chunya na Mara, wengi wao hutumia zebaki. Mchanga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki, ikashikana na dhahabu; kisha donge huchomwa, zebaki ikapaa kuwa mvuke, na dhahabu ikabaki. Mvuke huo huvutwa na aliyeshika moto na waliomzunguka, na mara nyingi shughuli yenyewe hufanyika karibu na makazi. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu na humdhuru mtoto aliye tumboni; inayofika majini huingia katika samaki. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na shughuli za binadamu ulimwenguni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umewekwa ili kuipunguza, na Tanzania ni mwanachama wake.

Mlaji wa kawaida hawezi kwenda machimboni kukagua. Analoweza ni kutumia dhahabu iliyokwisha kuchimbwa. Karibu kila ukoo una heleni moja isiyo na mwenzake, mkufu uliokatika, au pete ya bibi ambayo haimtoshi mtu. Dhahabu haizeeki. Ikiyeyushwa na kusafishwa huwa dhahabu ileile, na pete iliyotokana na kidani cha bibi ina maneno ambayo pete ya dirishani haina. Kikwazo ni hofu ya kuibiwa na sonara, na hofu hiyo haikutoka hewani. Kwa hiyo tunaweka hapa hesabu ambayo kila mtu anapaswa kuijua kabla ya kuingia dukani.

Usafi wa dhahabu hupimwa kwa karati, na karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 22 ina dhahabu asilimia 91.6, na hugongwa muhuri 916. Karati 18 ina asilimia 75, muhuri 750. Karati 9 ina asilimia 37.5, muhuri 375. Tuseme umempelekea sonara kidani cha karati 22 chenye uzito wa gramu 10, ukataka pete mbili za karati 18. Dhahabu tupu iliyomo katika gramu 10 zako ni gramu 9.16. Kwa kuwa karati 18 ni robo tatu tu ya dhahabu, gramu 9.16 zitatoa gramu 12.2 za karati 18, kwa sababu sonara ataongeza shaba au fedha. Wengi wanapokabidhiwa pete mbili zenye jumla ya gramu 10 huridhika, wakiona uzito umerudi kama ulivyokwenda. Kumbe wamepungukiwa zaidi ya gramu 2. Kiasi kidogo hupotea kweli katika kuyeyusha na kupiga tupa, na sonara mwaminifu atakutajia kiasi hicho kabla ya kuanza. Asiyekutajia, na pete zikarudi na uzito uleule wa kidani, ana maswali ya kujibu.

Basi pima mbele ya macho yako kabla na baada, andikiwa uzito na karati kwenye risiti, na umtake sonara agonge muhuri ndani ya pete. Ikiwa pete ina kito, kipimwe peke yake. Na ikiwa ukoo hauna dhahabu ya zamani, masonara wengi huuza dhahabu iliyoyeyushwa upya. Waulize, na uombe neno hilo nalo liandikwe kwenye risiti.

Kamati ya harusi

Harusi ni mapenzi yanayolipiwa na watu mia tatu. Michango ni fedha za walaji wengi zilizowekwa mikononi mwa wachache, na kamati inayoyajali mazingira mara nyingi hujikuta imeokoa fedha, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu kila ushauri wa namna hii.

Chakula ndicho kinachotupwa zaidi. Chanzo chake huwa kadi za watu wawili ambazo mwenye nazo huja peke yake, na mwaliko usiothibitishwa na mtu. Kamati iwapigie simu waalikwa wiki moja kabla, ihesabu, kisha iingie mkataba na mpishi kwa idadi ya sahani, si kwa idadi ya masufuria. Chakula kinachooza dampo, kwa mfano kule Pugu Kinyamwezi, hutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia kwa nguvu kubwa kuliko hewa ya ukaa. Kinachobaki kigawiwe, lakini kwa mpango: kituo cha kupokea kiarifiwe mapema, vyombo vya kubebea viwepo, na chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Pilau la saa sita usiku lililokaa ukumbini tangu magharibi si sadaka.

Maji ya chupa ndogo za plastiki ni mazoea mapya kuliko tunavyodhani. Ukumbi wa watu 300 hutoa chupa 600 kwa jioni moja, ikiwa kila mtu atakunywa mbili, na nyingi huachwa zimenywewa nusu. Madumu makubwa yanayorudishwa na glasi za kukodi hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Vivyo hivyo soda na bia za chupa za kioo, ambazo kreti zake hurudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena. Kamati ihesabu kreti zinapoingia na zinapotoka, pande zote mbili zitie saini, maana ugomvi wa chupa zilizopotea tumeupokea mara nyingi kuliko ugomvi wa keki.

Kuhusu moto wa kupikia, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mpishi wa shughuli anayetumia gesi yupo katika miji yote mikubwa. Aulizwe, na bei yake ilinganishwe na ya mwenye kuni kwa sahani, kwa kuwa kuni na mkaa navyo hulipiwa ingawa havionekani katika mchanganuo.

Udi, ng'amba na kiti cha pweza

Zipo zawadi ambazo kosa lake si taka, ni chanzo. Udi wa kufukiza hutokana na miti ya jamii ya akwilaria ya Asia, na msandali wetu wa Afrika Mashariki umewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kama CITES, tangu mwaka 2013. Biashara yake kuvuka mipaka huhitaji kibali. Udi halali una bei kubwa, na kinachouzwa rahisi mara nyingi ni vipande vya mti wa kawaida vilivyolowekwa mafuta yenye harufu. Kidogo cha kweli, kilichonunuliwa kwa muuzaji mwenye karatasi, hutosha chumba cha maharusi kwa majuma. Bangili na vitana vya magamba ya ng'amba, hata vikiitwa "vya zamani", visinunuliwe; biashara yake ya kimataifa imekatazwa kabisa. Pembe za ndovu tunazitaja kwa ajili ya utimilifu tu, kwa kuwa tunaamini msomaji anajua.

Wanaokwenda fungate pwani wasidhani kwamba kupiga picha hakuna gharama. Kiti cha pweza akitolewa majini ili akae kifuani mwa bibi harusi huweza kufa, na wenye mashua wanaoendelea kumtoa hufanya hivyo kwa sababu wateja huomba. Pomboo wa Kizimkazi nao hawafukuzwi; nahodha mzuri huzima mashine na kungoja. Mteja anayetamka hivyo kabla ya kulipa hupewa safari ya namna hiyo, na bei haibadiliki. Wa bara nao wana treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, inayofaa kwa fungate la siku mbili kuliko wengi wanavyofikiri.

Zawadi inayoota

Katika Kilimanjaro, jani la isale hutolewa na anayeomba msamaha, na ni vigumu kumkatalia aliyelishika. Kwa wapenzi waliokosana hatujui zawadi yenye uzito kama huo na gharama ndogo kama hiyo. Kupanda mti siku ya ndoa ni desturi nyingine inayokua, na tunaiunga mkono kwa sharti: mti uchaguliwe kwa kufuata mahali, si kwa kufuata picha. Mwembe, mparachichi au mnazi, kila mmoja na ardhi yake. Miche mingi ya sherehe hufa kiangazi cha kwanza kwa kukosa maji, na kampuni zinazouza cheti cha "mti uliopandwa kwa jina lenu" ziulizwe uko wapi, nani humwagilia, na nini hufanyika ukifa. Cheti kisicho na mahali pa kwenda kuuona mti ni karatasi iliyouzwa ghali.

Kama umepotoshwa

Mlaji aliyedanganywa kwa dai la kimazingira aandike malalamiko mapema, akiambatanisha risiti ya kielektroniki, kasha au lebo yenye maneno yaliyodaiwa, na picha ya tangazo ikiwa alilionea kwenye simu. Kwa huduma za harusi, mkataba ndio ushahidi: kama mpambaji aliahidi kutotumia tofali la plastiki au maputo, ahadi hiyo iandikwe ndani yake kwa maneno yanayoeleweka, pamoja na kiasi kitakachokatwa akiivunja. Malipo ya mwisho yasitolewe usiku wa sherehe katikati ya muziki. Yatolewe kesho yake, ukumbi ukiwa umekaguliwa na vyombo vyote vimehesabiwa.